Nani Alisema Presha Si Yetu?

Kila nikiweka posti kuhusu presha, hata saa moja haiishi kabla mtu hajaandika pale chini: "Hayo ni magonjwa ya wazungu. Susu yangu alikula muthokoi miaka tisini na hakuna siku alimeza dawa ya presha." Mwingine anaongeza kwamba dawa zenyewe ni biashara, ukianza umeingia mtegoni. Na hao wawili wanapata laiki kuliko mimi mwenye posti.

Sasa, mimi si daktari. Ni kijana wa Machakos mwenye simu, bando na tabia ya kupekua vitu vya zamani. Na katika kupekua nimekuta jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni: hiyo kauli ya "presha si yetu" haikutoka kwa susu. Ina mwaka na ina mwandishi. Ilichapishwa London mwaka wa 1929, kwenye jarida la madaktari linaloitwa The Lancet, na ushahidi wake ulitoka hapa hapa Kenya.

Naomba dakika zako chache nikupe hiyo historia, kwa sababu kuna watu wanapooza upande mmoja wa mwili wakiwa bado wanaiamini nusu yake.

Daktari wa South Kavirondo

Kwanza mashine. Ule mkanda wa mkononi unaojazwa hewa ulibuniwa na Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka wa 1896. Mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa, chini ya ule mkanda, utasikia damu ikianza kugonga na kisha ikinyamaza. Pale inapoanza ndiyo nambari ya juu, pale inaponyamaza ndiyo ya chini. Kwa hivyo mtu akikuambia 120 kwa 80, hizo nambari mbili zina umri wa zaidi ya karne moja tu.

Miaka ishirini na kitu baadaye mashine ilikuwa imefika South Kavirondo, yaani Kisii na sehemu za kusini mwa Nyanza tunavyozijua leo. Daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alipima presha ya watu takriban 1,000. Alichokipata kilimshangaza. Kule Ulaya presha ilikuwa ikipanda kadiri mtu anavyozeeka. Hapa, hadi karibu miaka 40 nambari zilifanana na za Wazungu, halafu badala ya kupanda zikashuka. Akaandika pia kwamba kwa miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa kama 1,800 na hakuna hata mmoja aliyepatikana na presha iliyopanda.

Hiyo ndiyo mbegu. Mwaka wa 1937 akatoa kitabu kizima, Civilization and Disease, akisema magonjwa ya aina hii yanaletwa na maisha ya kisasa.

Wacha nimtendee haki. Alipima watu wengi, na aliandika alichokiona. Lakini wewe na mimi tuna ruhusa ya kuuliza maswali. Watu wa kijijini mwaka wa 1929 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hivyo mtu wa "miaka 60" ni mtu aliyekadiriwa kwa macho. Na mzee aliyeanguka ghafla shambani, mdomo ukapinda, mkono ukafa, je, alibebwa mpaka hospitali ya mkoloni? Ama alibaki nyumbani watu wakisema amelogwa? Huku kwetu mpaka leo kuna boma zinazoita kiharusi uoi kabla ya kukiita kiharusi. Hospitali inaweza tu kuhesabu wale waliofika mlangoni.

Kumbuka pia hewa ya wakati ule. Miaka hiyo hiyo ya 1930 kulikuwa na daktari Nairobi, F. W. Vint, aliyepima ubongo wa Waafrika waliokufa na kuchapisha kwamba ni mdogo kuliko wa Mzungu. Sisemi Donnison alikuwa mtu wa aina hiyo. Nasema tu kwamba swali la wakati ule lilikuwa "Mwafrika ametofautiana vipi na sisi?" Ukianza na swali hilo, kila jibu litageuka kuwa habari ya damu na rangi, hata pale ambapo ni habari ya chakula na kazi.

Kampala walishaona mapema

Hii sehemu ndiyo haifiki kwenye komenti. Mwaka wa 1941, miaka kumi na miwili tu baada ya Donnison, daktari A. W. Williams wa Mulago, Kampala, alichapisha vipimo vya Waganda kwenye East African Medical Journal. Kwake presha ilikuwa ikipanda na umri. Mwaka wa 1944 akaandika tena, safari hii kuhusu mioyo iliyoharibika kwa sababu ya presha, kwa wagonjwa Waafrika, kwenye wadi ya Kiafrika.

Kwa hivyo kabla hata vita vya pili vya dunia havijaisha, Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa na jibu: presha ipo. Kisii ya 1929 haikuwa Afrika nzima. Haikuwa hata Kenya nzima.

Swali zuri basi ni hili: kama ni watu wale wale, damu ile ile, kwa nini mahali pengine iko chini na pengine iko juu? Hapo ndipo hadithi inakuwa tamu.

Moran wa Samburu na kijana wa Siaya

Miaka ya 1960 Gerald Shaper, daktari wa moyo aliyefanya kazi Makerere, alikwenda kaskazini mwa Kenya kuwapima Wasamburu. Hawa ni watu wa maziwa na nyama, na bado presha zao zilikuwa chini, na hazikupanda kwa uzee. Mpaka hapo unaweza kusema, "Si nilikuambia?"

Subiri. Baadhi ya moran waliingia jeshini. Wakaacha manyatta, wakaanza kula chakula cha kambi, chenye chumvi nyingi kuliko walichozoea. Shaper na wenzake wakawafuatilia na kuchapisha matokeo mwaka wa 1969: presha ya wale vijana ilipanda wakiwa jeshini. Hawa walikuwa moran, watu wenye miguu ya chuma, na wala hawakuwa wanene. Ukoo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni maisha, na chumvi ikawa mshukiwa wa kwanza.

Halafu ukaja utafiti ambao kwangu mimi ulipaswa kuwa kwenye vitabu vya shule. Unaitwa utafiti wa uhamiaji wa Waluo, na ulichapishwa kwenye British Medical Journal mwaka wa 1990. Timu iliongozwa na Neil Poulter wa Uingereza, na Mkenya M. Mugambi alikuwa mmoja wa waandishi. Walichukua Waluo 325 waliokuwa wametoka tu kijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, na wengine 267 waliobaki nyumbani. Wakawapima tena na tena, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mpaka miaka miwili.

Presha ya waliohamia ilianza kuachana na ya waliobaki mapema sana. Ilikuwa suala la miezi, hata haikungoja wazeeke. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu, ile iliyoko kwenye chumvi, imepanda, na potasiamu, ile ya ndizi, viazi, maharagwe na mboga za majani, imeshuka. Hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, kama mwili ulio macho muda wote.

Sasa jiulize Machakos ya leo inafanana na nani kati ya hao wawili. Tuko kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi. Kuna watu wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya kwenda kazini Nairobi, na saa moja jioni wako steji wakinunua smokie pasua yenye chumvi ya kunyunyiza juu ya chumvi. Kijana wa 1990 alihitaji kuhamia Nairobi. Sisi Nairobi imetuhamia. Mlolongo, Athi River, mpaka Machakos mjini, chipsi zimefika kabla ya lami.

Kwa hivyo yule anayesema susu alikula muthokoi na hakuwa na presha, inawezekana ana ukweli kuhusu susu. Lakini wewe si susu. Unabeba jina la ukoo wake bila kubeba jembe lake.

Walipokuja kwetu, hawakuja kwa moyo

Kuna jambo la huku kwetu linalonigusa. Watu wa Matungulu na Mbiuni si wageni wa utafiti. Miaka ya 1970 kulikuwa na kitu kilichoitwa Mradi wa Machakos, kikiendeshwa na kituo cha Nairobi kilichokuwa chini ya Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam. Wahoji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kila wiki mbili, miaka na miaka, wakiandika nani amezaliwa, nani ana surua, nani ana kifaduro, nani amekufa. Matokeo yakatoka kama kitabu mwaka wa 1984, na yakasomwa duniani kote na watu wanaopanga chanjo za watoto.

Nawapa heshima zote wale akina mama waliofungua milango. Na siwalaumu watafiti: watoto walikuwa wakifa kwa surua, ilikuwa sawa kuanzia hapo. Ila ninachoona ni kwamba kwa miongo mingi utafiti wa Mwafrika wa kijijini ulikuwa wa watoto, mimba na maambukizi. Baba wa miaka 50 mwenye kichwa kizito na miguu iliyovimba hakuwa swali la mtu yeyote. Na kosa la "hawana presha" lina tabia hiyo: ukiamini ugonjwa haupo, hupimi. Usipopima, huuoni. Usipouona, unaamini zaidi.

Gharama yake ilionekana baadaye. Mwaka wa 2012 ulitoka utafiti unaoitwa THESUS-HF, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani ugonjwa huo ni wa watu wa miaka sabini na kitu. Na kwa karibu nusu ya wagonjwa wetu, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Mishipa ya moyo iliyoziba kwa mafuta, ule ugonjwa wa moyo tunaouona kwenye sinema, haukufika hata asilimia 8.

Miaka 52. Huyo ni mtu mwenye mtoto kidato cha pili.

Dawa zilizopimwa kwa damu ya nani?

Tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo maneno ni mengi.

Kwa muda mrefu daktari wa Kenya akitaka kujua dawa gani inamfaa mgonjwa wake, alilazimika kutazama Marekani. Utafiti mkubwa uliotumika ni ALLHAT, uliotoka 2002, wenye watu zaidi ya 33,000, na kama theluthi moja yao Wamarekani Weusi. Ulionyesha kwamba kwa Wamarekani Weusi, lisinoprili peke yake haikuzuia kiharusi vizuri kama dawa ya kutoa maji mwilini. Sawa. Lakini Mmarekani Mweusi wa Chicago si mama wa Kathiani. Wanakula tofauti, wanafanya kazi tofauti, na mababu zao wengi walitoka upande mwingine wa bara hili. Rangi ya ngozi si kipimo cha maabara.

Ndipo mwaka wa 2019 ukatoka CREOLE. Wagonjwa 728 Waafrika, kutoka nchi sita: Kenya, Uganda, Nigeria, Kamerun, Msumbiji na Afrika Kusini. Waandishi wa kwanza ni Waafrika, Dike Ojji wa Nigeria na Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, ambaye alifariki Julai 2018 kabla ya kuona kazi hiyo ikichapishwa. Kenya ilikuwa na Elijah Ogola na Felix Barasa kati ya waandishi. Na jina la mwisho kwenye orodha? Neil Poulter, yule yule wa vijana wa Kiluo wa 1990.

Waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kila kundi likipewa dawa mbili kwa pamoja. Presha haikupimwa mara moja tu pale kliniki. Mgonjwa alivaa mashine saa 24, akila, akitembea, akilala. Baada ya miezi sita, makundi mawili yaliyokuwa na amlodipini ndani yake yalishusha nambari ya juu kuliko lile la tatu, kwa kama pointi 3 zaidi. Na haikujalisha amlodipini imeunganishwa na perindoprili ama na dawa ya kutoa maji. Zote mbili zilifanya kazi sawa.

Pointi 3 zinaonekana kidogo. Lakini amlodipini ni dawa ya zamani, ya bei ya chini, inayopatikana hata kwenye maduka madogo ya dawa. Sasa daktari wa Machakos angeweza kumwambia mgonjwa, "Mchanganyiko huu umepimwa kwa watu wa hapa." Kutoka Donnison 1929 mpaka hapo ni miaka 90.

Najua mtu atasema, "Sisi si panya wa maabara." Na hofu hiyo ina haki yake. Mkoloni alipima watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Ndiyo maana leo lazima kuwe na kamati ya maadili, karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na haki ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Ukikosa vitu hivyo vitatu, ondoka. Lakini kukaa nje ya utafiti pia kuna bei, na bei yenyewe ni kumeza dawa zilizopimwa kwa watu wengine na kuomba Mungu zikukubali.

Mfano mmoja tu. Mwaka wa 2022 ulitoka utafiti wa INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio. Kila mtu alitarajia dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, ingefanya vizuri kama ile ya zamani, warfarini, ama kuishinda. Ikawa kinyume. Waliotumia ya zamani walikufa wachache. Wasingepimwa watu maskini wenye ugonjwa wa watu maskini, tungekuwa tunafuata fasheni mpaka leo.

Basi tufanye nini?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015, wa watu wa miaka 18 hadi 69, ulipata kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne Kenya ana presha iliyopanda. Zaidi ya nusu, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Hata siku moja, wasee. Hiyo ndiyo mbegu ya 1929 ikiendelea kuzaa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Susu alikuwa na haki kuhusu sufuria. Punguza chumvi, rudisha maharagwe, mboga na muthokoi, tembea. Wasamburu na Waluo wamethibitisha kwamba maisha hupandisha presha, na kinachopandishwa na maisha, maisha yanaweza kusaidia kukishusha. Lakini susu si dawa. Kama tayari umepimwa na imepanda, chakula kizuri kinatembea pamoja na vidonge, hakivifukuzi. Na hiyo ya "ukianza huachi" si ulevi wa dawa. Ukiacha, presha inarudi kwa sababu kilichoipandisha bado kipo. Wapo wanaopunguziwa dozi baada ya kupunguza uzito na chumvi, lakini hiyo inaamuliwa na daktari akiangalia nambari, haiamuliwi na komenti yangu wala yako.

Na kwa viongozi wetu wa kaunti: kuna kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nilimpeleka mama jirani, tukaambiwa mashine ya presha haina betri. Betri. Mashine ya 1905 haikuhitaji betri. Msijenge jengo jipya kabla ya hiyo.

Ukienda kupimwa, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa ama kuvuta sigara. Ikisoma 140 kwa 90 ama zaidi usizimie, rudia siku nyingine. Nambari moja haitoshi. Ikibaki hapo juu, umwone daktari. Na ukiwa na mzazi zaidi ya miaka 40 nyumbani, mpeleke kwanza yeye. Mwambie hata kama hasikii chochote, presha kwa kawaida haisikiki.

Halafu rudi hapa uniandikie zile nambari mbili. Nitazifurahia kuliko laiki.